Kuchagua Mashine ya Kuvuna

Yako mambo ambayo mtu hujifunza kwa kusoma, na yako mengine ambayo hujifunza kwa kupoteza mali. Sisi tulipoteza kwanza, ndipo tukajifunza. Na kwa kuwa twajua ya kwamba vijiji vingi vya Simiyu vyafikiri neno lile lile tulilolifikiri sisi, tumeona vema kuandika habari zetu, ili mwenzetu asitumbukie katika shimo tulilotumbukia.

Sisi tu wakulima wa mpunga, wake kwa waume, katika mbuga moja ya wilaya ya Bariadi. Jamaa zetu ni 64, na mashamba yetu yakiwekwa pamoja yapata ekari 180, kila mtu katika majaruba yake. Tulipotaka kununua mashine tuliwachagua watatu wawe kamati: mzee mmoja wa kanisa, mama mmoja mjane ambaye sote twamwita Mayu, na mwalimu anayeandika maneno haya. Hayo yasemwayo hapa ni ya sisi watatu, na makosa pia ni ya sisi watatu.

Kwanza tueleze kosa letu la zamani. Mwaka 2017 tulichanga fedha tukanunua mashine ya kupura mpunga, kuukuu, kwa mtu mmoja wa mji wa mbali. Tuliitazama tukapendezwa, maana ilipakwa rangi mpya nyekundu, ikang'aa kama chungwa. Hatukuuliza vipuri vyapatikana wapi, wala hatukuomba ipure mpunga mbele ya macho yetu. Mashine ile ilifanya kazi siku 19. Siku ya 20 beringi ikavunjika. Tukatafuta nyingine Bariadi, Shinyanga na Mwanza, hatukupata iliyolingana nayo. Hata leo imesimama chini ya mkwaju, na kuku hutaga ndani yake. Watoto wa shule wameipa jina, wanaiita Kiota. Wakilitaja jina hilo sisi tulio wazima huinamisha vichwa.

Basi mwaka 2019 maonyesho ya Nane Nane ya taifa yalifanyika hapa kwetu, katika viwanja vya Nyakabindi. Wengi wetu tulikwenda, na huko watu wetu wakaona kombaini, yaani mashine ile inayokata, inayopura na inayopepeta kwa safari moja. Waliporudi hawakuwa na habari nyingine. Kila aliyekaa kitako kivulini alisema kombaini. Ndipo wakatuita, wakasema, "Nendeni mkatazame, mkalinganishe, mtuambie tununue ipi. Lakini safari hii msituletee Kiota cha pili."

Tamaa yao haikuwa ya upuuzi. Mpunga wetu huiva mwezi wa Mei na Juni, na wakati huo huo pamba nayo yataka kuchumwa. Vijana wengi wamekwenda Mwanza au migodini. Mpunga ulioiva haungoji mtu: ndege huushukia makundi kwa makundi, ng'ombe huvunja mipaka, tena punje zikikauka mno shambani hupata nyufa, na kinuni mchele hutoka chenga. Wenye elimu ya kilimo hutufundisha kwamba mpunga wafaa kuvunwa maji ya punje yakiwa kama sehemu 20 hadi 25 katika 100, kisha uanikwe hata yashuke kuwa 14 au chini yake, ndipo uwekwe ghalani. Anayekosa wavunaji hukosa saa ile iliyo njema, na jasho la miezi mitano hupungua thamani kwa wiki mbili.

Tulipoanza kazi tuliona kwamba hatuwezi kulinganisha kitu tusichokijua. Kwa hiyo tulijifunza kwanza mashine yenyewe jinsi ilivyo, nasi tutaieleza kwa maneno ya nyumbani. Kombaini ni mundu, fimbo na ungo vilivyofungwa katika chombo kimoja. Mbele liko gurudumu la vijiti linaloinamisha mabua, na chini yake safu ya visu viendavyo huku na huku. Huo ndio mundu. Mabua yaliyokatwa hupandishwa mpaka kwenye pipa la chuma lizungukalo kwa kasi, na hapo masuke hupigwa na kusuguliwa hata punje zitoke. Hiyo ndiyo fimbo. Kisha punje huanguka juu ya chekecheke zitikisikazo, na feni hupuliza makapi; huo ndio ungo. Punje safi huingia katika tangi au magunia, na mabua hutupwa nyuma.

Wala akili hii haikuja kwa siku moja. Huko Scotland mwaka 1828 kijana mmoja jina lake Patrick Bell, aliyekuwa akisomea kazi ya uchungaji, alikata nafaka shambani kwa mashine aliyoibuni mwenyewe. Hakuomba hati ya kuwazuia wengine wasiige, kwa kuwa alitaka kazi yake iwafae watu wote. Baadaye akawa mchungaji. Mwaka 1836 Wamarekani wawili, Hiram Moore na John Hascall, wakapata hati ya mashine iliyounganisha kukata na kupura, nayo ilivutwa na kundi kubwa la farasi. Iliyojiendesha kwa injini yake na kuenea sana ilikuja karibu miaka 100 baadaye. Tuliposoma habari ya Bell, Mayu alisema, "Huyo alikuwa mtu mwema, sasa tuone kama wanaouza ni wema vilevile."

Baada ya hayo tukaweka mashine za namna tatu mbele yetu. Ya kwanza ni kombaini kubwa ya magurudumu, kuukuu, iliyotumika Ulaya. Ziko za CLAAS, John Deere, Massey Ferguson na New Holland. Ya pili ni kombaini ndogo ya mikanda ya mpira, kama DC-70 ya Kubota, yenye nguvu za farasi wapatao 70 na kukata upana wa karibu mita 2. Ya tatu si kombaini, bali ni mashine ndogo ya kukata peke yake, mtu huisukuma kwa mikono huku injini ikikata, pamoja na mashine ya kupura ikaayo mahali pamoja.

Hapa yatupasa kuungama. Sisi wawili, mzee wa kanisa na mwalimu, mioyo yetu iliipenda ile kubwa. Tuliona jinsi tutakavyoingia nayo kijijini, watu wakipiga vigelegele, na kutoka kijiji jirani wakija kuitazama. Tulijiambia kwamba ni kwa faida ya chama, lakini ndani ya faida hiyo fahari yetu ilikuwa imejificha kama panya ndani ya ghala. Mayu peke yake ndiye aliyeuliza, "Itapita wapi?"

Swali hilo dogo liliangusha mashine kubwa. Kwetu Usukumani kila mkulima ajua kwamba udongo hubadilika kwa mteremko: juu ni luseni, mchanga mwepesi, kati ni itogolo, ulio mgumu chini, na bondeni ni mbuga, udongo mweusi ufinyangao. Mpunga wetu uko chini. Mbuga ikilowa, hata mkokoteni wa ng'ombe huzama. Ikikauka, hupasuka nyufa ziwezazo kumeza mguu wa mbuzi. Kombaini kubwa ina uzito wa tani 10 na kuzidi. Ile ndogo ya mikanda ni kama tani 3, na uzito wake huenea juu ya mikanda mipana. Tena majaruba yetu ni madogo, mengine hayafiki robo ekari, na kila moja lina tuta. Mashine kubwa ingetumia nusu ya siku kugeuka, na nusu iliyobaki kubomoa matuta.

Tulipokuwa tukiwaza hayo tulikumbuka mambo mawili ya nchi yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mashine nyingi Kongwa, zilime karanga kwa maelfu ya ekari. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, mvua ikapungua, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 kazi ile ikaachwa, nayo imekula pauni milioni 36. Hawakukosa fedha wala mashine. Walikosa kumwuliza mwenye kujua udongo. Tena kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu, katika nchi ya Hanang, kwa msaada wa Kanada. Huko kombaini kubwa zilifaa, maana mashamba yalikuwa mapana na yasiyo na matuta. Lakini Wabarabaig walinyang'anywa malisho yao ya asili, na ugomvi wake ukafika mahakamani. Kwa hiyo tulijifunza maneno mawili: mashine hulinganishwa na udongo kabla ya kulinganishwa na mashine nyingine, na faida ya mavuno sharti iulizwe ni ya nani.

Basi tukaiacha ile kubwa, mzee wa kanisa akisikitika. Tukaichukua ile ya mikanda tukaipigia hesabu, kama tuwafundishavyo watoto darasani. Mashine ikatayo upana wa mita 2, ikienda kilometa 4 kwa saa, hupita mita za mraba 8,000, yaani kama ekari 2. Lakini kwa ajili ya kugeuka, kumwaga punje na kuvuka matuta, tukakata nusu: ekari 1 kwa saa. Asubuhi umande hauruhusu; kazi huanza saa 4, nayo huisha jioni, na ukiondoa kula, kutia mafuta na kupaka grisi zabaki saa 6 za kazi. Hizo ni ekari 6 kwa siku. Ekari 180 zataka siku 30, na mpunga uliopandwa pamoja hautungoji siku 30! Katika wiki mbili njema tungevuna ekari 84 tu, yaani chini ya nusu.

Na fedha? Tuchukue mfano tu, wala si bei ya mwuzaji yeyote. Kama mashine ingenunuliwa kwa shilingi milioni 80, nayo ikadumu miaka 10, kila mwaka inakula milioni 8 kabla ya kuwasha injini. Milioni 8 zikigawanywa kwa ekari 180, ni zaidi ya shilingi 44,000 kwa ekari. Zikigawanywa kwa ekari 84, ni zaidi ya shilingi 95,000. Bado hujalipa dizeli, dereva, mikanda, visu, wala riba ya mkopo. Twawasihi wasomaji wafanye hesabu hii wenyewe kwa bei watakayoambiwa, maana mwuzaji atawatajia bei ya mashine, lakini hatawatajia bei ya ekari.

Tena tuliuliza juu ya mahindi na mtama, maana baadhi yetu walidhani kombaini moja itavuna kila kitu. Sivyo. Mahindi yataka kichwa kingine cha kukatia, chenye ncha ziingiazo kati ya mistari, na mistari yenyewe sharti iwe sawasawa. Nasi twapanda mahindi pamoja na choroko, na mtama wetu wa asili hupita kimo cha mtu. Mashine haijui kuchagua. Shamba la mchanganyiko ni la mikono ya watu.

Ikabaki kujua kama mashine yamwaga punje. Tulikuwa tumeapa kutonunua kitu kisichofanya kazi mbele yetu. Kwa hiyo tulikodi kombaini ya mikanda kwa siku mbili. Wanafunzi wakafanya fremu ya vijiti, kila upande mita 1. Tuliitupa fremu mahali mbalimbali nyuma ya mashine, watoto wakapiga magoti wakahesabu punje zilizoanguka. Hesabu yake ni rahisi: punje 1,000 za mpunga zina uzito wa karibu gramu 25, kwa hiyo punje 40 katika mita 1 ya mraba ni gramu 1, na hizo ni kama kilo 4 katika ekari nzima.

Siku ya kwanza dereva alikimbia, kwa kuwa alilipwa kwa ekari. Watoto walihesabu punje kama 500, yaani kilo 50 kwa ekari. Kwa ekari 180 hizo ni kilo 9,000, magunia 90 ya kilo 100! Siku ya pili tulimwomba aende polepole, akafungua na kurekebisha feni, na punje zikawa 180, yaani kilo 18. Ndipo mtoto mmoja wa darasa la sita akasema, "Mwalimu, na kwa mundu je?" Hatukuwa tumelifikiri. Tukatupa fremu mahali palipovunwa kwa mikono, tukakuta punje 210, na hapo mpunga ulikuwa bado haujapurwa. Tukanyamaza. Tulikuwa tukiihukumu mashine kwa upotevu, na sisi wenyewe hatujajihukumu miaka yote. Tangu siku ile twawaambia watu wetu: anayelinganisha mashine mbili bila kulinganisha na mikono yake, amelinganisha nusu.

Siku hiyo ya pili likatokea jambo ambalo hatukuliandika katika daftari, bali limekaa mioyoni. Wanawake wapatao 20 walikuja na mundu zao, wakasimama juu ya tuta. Hao ni vibarua wetu wa kila mwaka. Wengine ni wajane, wengine hawana jaruba hata moja, na chakula chao cha miezi mingi hutoka katika ujira wa kuvuna. Hawakupiga kelele. Walitazama mashine ikimaliza kwa saa moja kazi ambayo ingewalisha siku nyingi. Mama mmoja alimwambia Mayu kwa upole, "Mayu, sisi tutavuna nini?" Mayu hakumjibu. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakikunjua, akakivaa tena.

Jioni ile tulikaa sisi watatu mpaka usiku. Mzee wa kanisa alisema kwamba maendeleo hayazuiliki, na kwamba vibarua wenyewe hawatoshi siku hizi. Alisema kweli. Mayu alisema kwamba fedha alizochanga yeye ni bei ya ng'ombe wawili alioachiwa na mumewe, na kwamba hawezi kuzitumia kununua njaa ya jirani yake. Naye alisema kweli. Mwalimu hakuwa na la kusema, mpaka alipokumbuka alichokiona mchana: mashine ilishindwa kukata pembe za majaruba. Kila pembe ilibaki mpunga umesimama, kwa maana chombo chageuka kwa duara, na jaruba lina pembe nne. Tukatazamana. Twajua sote kwamba torati ya Musa iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, bali wawaachie maskini na mgeni, na kwamba Ruthu Mmoabi aliishi kwa kuokota masazo katika shamba la Boazi. Ilikuwa kana kwamba mashine yenyewe imesomeshwa amri ile, na sisi tulioisoma miaka mingi tulikuwa tumeisahau.

Tulipeleka maneno yetu katika mkutano wa wote. Tulishauri hivi. Kwanza, tusinunue mashine mwaka ule, bali tukodi ya mikanda, tupate kujifunza kwa misimu miwili gharama yake ya kweli. Pili, tupande kwa zamu, wengine mapema na wengine baadaye, ili mpunga usiive wote pamoja. Tatu, dereva alipwe kwa siku, wala asilipwe kwa ekari, na fremu ya watoto ipite nyuma yake. Nne, pembe zote na kandokando ya matuta ziwe za wavunao kwa mundu, nao wachukue wanachokata. Tano, mabua yasichomwe, yakusanywe kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Sita, siku tutakayonunua tuone kwanza duka la vipuri kwa macho yetu, fundi tumjue kwa jina, na tuwaulize wataalamu wa CAMARTEC kule Arusha, kituo cha zana za kilimo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, kama mashine ya namna hiyo imepimwa.

Msidhani kwamba wote walifurahi. Jamaa 9 walidai fedha zao wakatoka, wakisema kamati imeogopa. Mmoja wao alituambia mbele ya watu kwamba tulitumwa kuchagua mashine tukarudi na mahubiri. Neno hilo lilituchoma, maana halikukosa ukweli wote. Mwaka ule mvua ya mwisho iliwahi mashine ya kukodi, na jamaa 4 walipoteza mpunga wao matopeni wakiingoja. Kama tungekuwa na yetu, huenda wangevuna. Tuliwachangia magunia, lakini gunia la mchango si sawa na gunia la jasho.

Hata leo hatujanunua. Fedha ziko benki, na daftari la hesabu liko kwa Mayu, mwenye ufunguo wa sanduku. Kila msimu twaandika ndani yake ekari, saa, lita za dizeli, punje za fremu, na majina ya waliovuna pembeni. Siku hesabu itakaposema "nunua," tutanunua, tena bila hofu. Bwana wetu alisimulia habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara, asiketi kwanza kuhesabu gharama, akachekwa na wapitao njia. Sisi tumekwisha kuchekwa mara moja. Mkwaju wetu una kivuli kizuri, lakini chini yake mna nafasi ya Kiota kimoja tu.